Msumeno wa nakshi katika karakana ya nyumbani: una faida kwa nani?

Mzee wangu wa Jinja, nimeisoma barua yako mara mbili ili nisije nikakujibu jambo ambalo hukuuliza. Unaeleza kwamba umestaafu, kwamba umeigeuza gereji ya nyumbani kuwa karakana, na kwamba vifaa ulivyonavyo ni misumeno ya mkono, randa, patasi, drili ya umeme na jigiso moja, yaani msumeno mdogo wa umeme wa kushika mkononi. Kwa miaka mitatu umekuwa ukitengeneza viti vifupi, meza na masanduku kwa ajili ya wanao na majirani. Sasa watu wa msikiti wenu wamekuomba uwatengenezee marufaa za kuwekea misahafu pamoja na mbao za kutundika ukutani zilizokatwa maandishi, na shemeji yako aliyeko Marekani amejitolea kukutumia msumeno wa nakshi aliokuwa akiutumia yeye. Unauliza kama mashine hiyo ina faida ya kweli katika karakana ya nyumbani, au kama itaishia kukaa pembeni ikikusanya vumbi.

Kwa viti, meza na masanduku, mashine hii haitakusaidia sana, na nafasi utakayoipa mezani ni afadhali uipe kitu kingine. Kwa marufaa na mbao za maandishi itakufaa mno, wala sijui mashine nyingine ya nyumbani inayoweza kuifanya kazi hiyo kwa usafi uleule. Kwa hiyo usianze kuitazama mashine; anza kuzitazama kazi zako, ujiulize kama zina matundu ndani yake, yaani sehemu zilizotobolewa katikati ya ubao ambazo msumeno wa kawaida hauwezi kuzifikia kwa kuanzia ukingoni. Seremala ambaye kazi zake zina matundu ya namna hiyo atauwasha msumeno wa nakshi karibu kila siku. Yule ambaye kazi zake hazina atauwasha wiki ya kwanza kwa furaha, kisha atausahau.

Msumeno wa nakshi, ambao wauzaji wengi huuita skroliso, ni mashine ya mezani yenye bledi ambayo upana wake ni kama milimita moja tu. Bledi hiyo hufungwa juu na chini kwenye ncha za mikono miwili, nayo hupanda na kushuka mahali pamoja, katika mashine nyingi kati ya mara 400 na mara 1,800 kwa dakika, ikisafiri kiasi cha milimita 19 kila inapopanda au kushuka. Kinachosogea ni ubao, ambao wewe mwenyewe unausukuma na kuuzungusha kwa vidole juu ya meza ndogo ya chuma. Ukisikia watu wakisema mashine ya inchi 16 au ya inchi 20, wanazungumzia umbali kutoka kwenye bledi hadi nguzo ya nyuma, maana ubao mrefu kuliko hapo utagonga nguzo unapojaribu kuuzungusha. Unene wa juu kabisa ambao mashine nyingi za aina hii huweza kukata ni inchi 2, yaani takriban milimita 50, ingawa kwa mbao ngumu kazi nzuri huishia kwenye milimita 25 hivi. Ukizidisha hapo mashine itakata, lakini polepole mno na kwa kuipinda bledi ndani ya ubao bila wewe kuona.

Sasa niruhusu nikae kidogo kwenye kazi yenyewe, kwa sababu hapo ndipo jibu lako lilipo. Tuseme unakata herufi wau, ambayo kichwa chake ni duara lenye tundu. Unabandika selotepu pana juu ya ubao, unabandika karatasi ya mchoro juu yake, kisha unatoboa kitundu cha milimita 2 kwa drili ndani ya sehemu itakayotupwa, mbali kidogo na mstari. Unalegeza ncha ya juu ya bledi, unaipitisha kwenye kitundu kutokea chini, unaifunga tena na kuikaza. Iguse kwa kidole kabla hujawasha mashine: ikiwa imekazwa sawasawa itatoa mlio mwembamba na wa wazi, kama uzi wa endingidi, zeze letu la uzi mmoja, ukiguswa, na ikiwa imelegea itatoa sauti nzito isiyo na uhai. Ndipo unawasha, unausogeza ubao hadi kwenye mstari, na kuufuata mstari ukiwa nje yake kwa unene wa wino tu. Ukifika kwenye kona kali, unaacha kusukuma, unaurudisha ubao nyuma kidogo mno ili uegemee mgongo wa bledi na wala si meno yake, kisha unauzungusha kwa haraka na utulivu mahali hapohapo, na kuendelea na upande mwingine. Ukilijua zoezi hilo moja, la kuuzungusha ubao juu ya mgongo wa bledi, umekwisha kujua sehemu kubwa ya ufundi wa mashine hii. Kona hutoka safi kiasi kwamba hutahitaji patasi, na ukuta wa ndani wa tundu hutoka laini kiasi kwamba kipande kidogo cha msasa kinatosha.

Kuna jambo moja ambalo wanaoanza mbao za maandishi hulisahau hadi liwaharibie ubao mzima. Ukikata herufi na kuiondoa ili nafasi yake ibaki wazi, kile kisiwa kilicho ndani ya tundu la wau, la mimu au la fe hakina tena kinachokishikilia, nacho huanguka pamoja na herufi. Ni lazima uamue mapema, wakati wa kuchora, kama utaacha daraja jembamba la kukiunganisha kisiwa na ubao, au kama utakata herufi zenyewe kuwa vipande kamili na kuzibandika kwa gundi juu ya ubao wa rangi nyingine. Kwa maandishi ya msikitini mimi hupendelea njia ya pili, kwa kuwa daraja ndani ya herufi ya Kiarabu huonekana kama nukta au mkwaju uliowekwa mahali pasipo pake, na msomaji atasumbuka. Herufi za mahogani juu ya ubao wa rangi nyeupe husomeka vizuri hata kutoka safu ya mwisho.

Jigiso uliyonayo haiwezi kukufanyia hayo, hata ukiwekea bledi nyembamba kuliko zote. Bledi yake imeshikwa upande mmoja tu, kwa hiyo huyumba ndani ya mkunjo, na ukuta wa tundu hutoka umeinama. Zaidi ya hayo, bledi za kawaida za jigiso hukata zinapopanda, kwa hiyo hupasuapasua uso wa juu wa ubao, ambao ndio uso wa mchoro wako. Bendiso nayo ni mashine kubwa na yenye heshima yake: hukata mbao nene, hupasua gogo dogo kuwa mbao, hukata miguu ya kiti iliyopinda kwa dakika chache. Lakini bledi yake ni mkanda usio na mwisho, na huwezi kuuingiza ndani ya tundu lililofungwa pande zote bila kuukata na kuuchomea upya. Kama ungeniuliza mashine ya kukusaidia katika viti na meza, ningekuambia uweke akiba ya bendiso, wala nisingesita.

Kuhusu marufaa nataka uelewe mpaka wa msaada wa mashine hii, usije ukavunjika moyo. Marufaa ya asili hutengenezwa kwa ubao mmoja, na bawaba yake huchongwa ndani ya ubao huohuo, vidole vikipitana katikati, kisha ubao hupasuliwa kwa unene kutoka kila ncha hadi kwenye bawaba, mpaka sehemu mbili zifunguke kama kitabu. Kuchonga bawaba na kupasua ubao ni kazi ya patasi kali, msumeno wa mkono na subira. Msumeno wa nakshi hauna sehemu hapo. Sehemu yake ni mabega, miguu iliyopindwa na nakshi zilizotobolewa chini. Ukizikata nakshi hizo kabla ya kupasua ubao, pande zote mbili hutoka na nakshi ileile kwa mkato mmoja, na hakuna mkono wa mwanadamu utakaolinganisha vizuri kuliko hivyo. Anza na ubao wa milimita 20 hadi 22, ili kila upande ubaki na takriban milimita 9 baada ya kupasua na kupiga randa.

Kwa njia hiyohiyo ya kukata mara moja na kupata nakala kadhaa, unaweza kubandika plaiwudi nne za milimita 3 pamoja kwa utepe, ukakata mchoro mmoja, ukatoa vipande vinne vinavyofanana kabisa. Hapo ndipo mashine hii huanza kumlipa mtu wa nyumbani. Ramani ya Uganda ya kuchezea watoto, iliyokatwa kufuata mikoa ya Kati, Mashariki, Kaskazini na Magharibi ili mtoto aipange upya, ni kazi ya namna hiyo. Vilevile korongo mwenye taji wa kuwekwa juu ya kabati, na majina ya nyumba ya kutundika getini. Ni vitu vidogo, vinatumia vipande vya mbao ambavyo karakana nyingi huvitia motoni, na havihitaji gari la kuvipeleka sokoni. Mtu aliyestaafu ambaye hataki kubeba mbao nzito anaweza kuvifanya akiwa ameketi kwenye kiti, kwa kuwa mashine haihitaji nguvu ya mwili.

Nije kwenye bledi, ambazo kwa maoni yangu zina uzito kuliko mashine yenyewe. Mashine ya kawaida yenye bledi nzuri itakupa kazi nzuri. Mashine ya gharama kubwa yenye bledi butu itakuchomea mbao na kukuchosha. Zina urefu wa inchi 5, yaani milimita 127, na zipo za aina mbili. Nyingine zina kipini kidogo kilichopita kila ncha, ambacho hunasa kwenye ndoano ya mashine. Nyingine hazina kipini, na ncha zake hubanwa kwa skrubu. Zenye kipini ni rahisi kufunga, lakini kipini hicho hakipiti kwenye kitundu kidogo, kwa hiyo hulazimika kutoboa kitundu kikubwa, na kwa nakshi ndogo za marufaa hilo ni kasoro kubwa. Muulize shemeji yako mapema mashine yake inatumia aina gani. Ikiwa inatumia zenye kipini peke yake, ningekushauri umshukuru na uiache hapohapo alipo.

Ukubwa wa bledi hutajwa kwa namba. Namba ndogo ni nyembamba na zina meno madogo. Namba kubwa ni pana na zinahimili mbao nene. Kwa plaiwudi na mbao za chini ya milimita 10 utatumia namba 2 au 3, kwa kazi nyingi za kawaida namba 5, na kwa mvule au mahogani ya milimita 20 na zaidi namba 7 au 9. Tafuta zile ambazo meno yake machache ya chini yameelekea juu, kwa sababu hayo husafisha uso wa chini wa ubao usipasuke. Unapoifunga bledi ya aina hiyo, hakikisha kwamba inapopanda hadi mwisho, meno mawili au matatu kati ya hayo yanajitokeza juu ya meza. Yakibaki chini yote hayana kazi. Meno mengine yote yaelekee chini. Nimekutana na watu waliofunga bledi juu chini, wakalaumu mashine kwamba inauinua ubao, na kumbe ndiyo kazi waliyoiagiza.

Utashangaa pia siku ya kwanza kwamba ukisukuma ubao moja kwa moja mbele, mkato unakwenda pembeni. Mashine haina ubovu. Bledi nyingi hutengenezwa kwa kukatwa na kifaa kinachoacha ukali kidogo upande mmoja, na upande huo hukata haraka kuliko mwingine. Utazoea kuusukuma ubao kwa mwelekeo ulioinama kidogo, digrii 4 au 5 hivi, na baada ya wiki moja mikono yako itafanya hivyo bila kufikiri. Kwa sababu hiyohiyo mashine hii haina kizuizi cha kuongozea mkato ulionyooka, na anayeitaka kwa mikato iliyonyooka ameitaka kwa kazi isiyo yake.

Bledi hukatika, wala usione ni hasara. Ni vitu vya kutumika na kwisha kama msasa. Ikianza kutoa moshi, au ukijikuta unasukuma kwa nguvu, ibadilishe hata kama haijakatika. Ile selotepu niliyoitaja ina kazi zaidi ya kushika karatasi: inapunguza msuguano, na mbao ngumu zinazoungua kirahisi hutoka safi zaidi.

Hapa kwetu uchaguzi wa mbao unabadilisha mambo sana. Anza na musizi, ambao ni mwepesi, hauna ugumu wa kushtukiza, na husamehe makosa ya mikono inayojifunza. Mahogani ndiyo naipenda kuliko zote kwa nakshi, kwa sababu nyuzi zake hushikana na vipembe vyembamba havivunjiki ovyo. Paini ina pete laini na pete ngumu zinazopishana, na bledi nyembamba hupenda kuifuata pete laini badala ya mstari wako, tena utomvu wake huziba meno. Mkalitusi una mkazo wa ndani. Ukiukata hufunga mkato nyuma ya bledi na kuibana. Mvule ni mzuri na unadumu, lakini una mambo mawili ya kujihadhari nayo. La kwanza ni kwamba mara nyingine huwa na mawe ndani, madonge meupe ya chokaa yaliyojengeka wakati mti ukiwa hai, na bledi ikikutana nayo meno huisha papo hapo. Ukiona doa jeupe gumu kwenye ubao, usipitishe mchoro wako hapo. La pili ni vumbi lake, ambalo huwasha ngozi na kubana kifua kwa watu wengi. Msumeno wa nakshi hutoa vumbi jembamba kuliko unga wa muhogo, na uso wako huwa karibu nalo sana kwa sababu unauangalia mstari. Vaa barakoa nzuri kila mara, hata kwa plaiwudi, na kaa karibu na dirisha.

Kuhusu usalama kwa jumla, hii ni miongoni mwa mashine zisizo na hatari kubwa, kwa kuwa haitupi ubao wala haivuti mkono. Hata hivyo inauma. Mwaka wangu wa kwanza niliondoa kile kiguu cha kukandamiza ubao kwa sababu kilinizibia mstari, na kipande kidogo cha mahogani kikanaswa na bledi, kikapanda na kushuka nayo kama nyundo, na kunipiga vidole mara nyingi kabla sijaifikia swichi. Sikuvunjika, lakini kucha mbili zilikuwa nyeusi kwa mwezi mzima. Tangu hapo nimekuwa nikiutumia msumeno huu kwa swichi ya mguu, ambayo mguu ukiondoka mashine husimama, na ninakushauri uitafute.

Sasa mashine ya Marekani. Umeme wetu ni wa volti 240 na hezi 50. Wa Marekani ni wa volti 120 na hezi 60. Ukiichomeka mashine ya huko moja kwa moja kwenye ukuta wako utaiunguza. Utahitaji transfoma ya kushusha volti, na kwa kuwa mashine nyingi za aina hii hazizidi wati 160, transfoma ya wati 500 itakutosha na itabaki na nafasi ya kupumua. Transfoma hushusha volti, lakini haibadilishi hezi. Ikiwa mota ni ile ya kawaida isiyo na brashi wala kidhibiti cha mwendo, itazunguka polepole kuliko kule ilikotoka, kwa kiasi cha sehemu tano kati ya sita, na inaweza kupata joto zaidi. Ikiwa mashine ina kitasa cha kubadilisha mwendo kilichojengwa kwa elektroniki, mara nyingi tofauti hiyo haitakusumbua. Mwambie shemeji yako apige picha ya kibao kilichobandikwa kwenye mota na akutumie, kisha kionyeshe kwa fundi wa umeme unayemwamini kabla mzigo haujasafiri.

Unyonge huo wa wati una uzuri wake pia. Mashine hii ni miongoni mwa chache za useremala ambazo zinaweza kuendeshwa kwa betri ya sola na invata ya kawaida ya nyumbani umeme unapokatika. Na wazee wa kazi hii hawakuwa na umeme kabisa: katika miaka ya 1870 kampuni ya W. F. & John Barnes ya Rockford, Illinois, ilikuwa ikitengeneza misumeno ya nakshi ya kukanyaga kwa miguu, kama cherehani, na kazi nyingi nzuri za wakati huo zilikatwa hivyo.

Kabla mashine haijafungwa kwenye sanduku, shemeji yako aijaribu kwa njia hii. Aifunge kwenye meza nzito, aiwashe bila ubao, aipandishe mwendo taratibu, na kuisimamisha sarafu kwa ukingo wake juu ya meza ya mashine. Hapa ningetumia sarafu ya shilingi 500. Sarafu ikisimama hadi kwenye mwendo wa kati, mashine ni nzima. Ikianguka mara tu mashine inapowashwa, beringi za mikono zimekwisha, au meza imelegea, na mtikisiko huo utaukuta kwenye kila nakshi utakayokata. Aushike pia mkono wa juu na kuutikisa kushoto na kulia: usicheze. Mtikisiko unaotokana na meza nyepesi utauponya mwenyewe kwa kuifunga mashine kwa boliti kwenye kigogo kizito, lakini mtikisiko wa beringi hauponi kwa boliti.

Kuna jambo moja ambalo nakuomba ulifanye wakati unasubiri. Tafuta msumeno wa mkono wa upinde, wenye fremu ya chuma na bledi nyembamba, au umwombe fundi chuma akutengenezee fremu yenye kina cha inchi 10 hadi 12 inayobana bledi zilezile za inchi 5 zisizo na kipini. Kata ubao wenye mwanya wa umbo la V, ufunge kwa klempu ukingoni mwa meza ili mwanya utokeze nje, weka kazi yako juu ya mwanya huo, na ukate kwa kuvuta chini, meno yakielekea kwenye mpini. Masonara hukata fedha kwa namna hiyohiyo, kwa nyembe za urefu karibu na huo, na ukimwomba sonara wa mjini akuonyeshe jinsi anavyogeuza kona utajifunza kwa nusu saa. Kata marufaa ya kwanza kwa mkono. Itachukua muda, lakini utajua kama unaipenda kazi ya kufuata mstari, ambayo si kila seremala mzuri anaipenda, na utajua ni namba gani ya bledi inayokufaa kwa mbao zako.

Ukiona baada ya marufaa mbili au tatu kwamba mkono unachoka na bado unataka ya nne, mwambie shemeji yako aitume mashine, pamoja na dazeni mbili za bledi namba 5, dazeni mbili za namba 7, na dazeni moja ya namba 2, zote zisizo na kipini. Azifunge ndani ya karatasi iliyopakwa mafuta, zisije zikashika kutu njiani.